Nikope Wapi Fedha Kidogo kwa Gharama Nafuu?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii hivi karibuni zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu mwenye shida ya fedha kidogo, tena ya muda mfupi, apate wapi mkopo ambao hautamgharimu kuliko shida yenyewe. Nimechagua barua tano. Katika hesabu zote nimetumia tarakimu bila kutaja sarafu, ili kila msomaji aweke ya kwake, na viwango vya riba nilivyovitaja ni vya kufafanulia hesabu tu.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni fundi cherehani, na kipato changu hakina tarehe maalumu. Mwezi huu mota ya cherehani imeungua, na wakati huohuo nadaiwa sehemu ya karo ya mwanangu. Kwa jumla nahitaji kama 1,000 hivi, na nina matumaini makubwa ya kuzirejesha ndani ya miezi minne kwa sababu nimepata oda ya kushona sare. Benki wameniambia kwamba kiasi hicho ni kidogo mno kwao. Programu ya mikopo kwenye simu iko tayari kunipa leo hii kwa ada ya asilimia 7.5 tu kwa siku 30. Je, kuna njia iliyo nafuu kuliko hiyo, na nitaijuaje?

JIBU: Ndugu yangu fundi, njia nafuu zipo, lakini naomba kwanza tuitazame hiyo asilimia 7.5, kwa kuwa neno "tu" uliloliweka mbele yake ndilo linalowaponza wengi. Ukiomba 1,000, ada ya 75 hukatwa papo hapo, na ujumbe utakaouona kwenye simu utasema umepokea 925. Baada ya siku 30 utadaiwa 1,000 kamili. Wewe umesema utahitaji miezi minne, kwa hiyo itakubidi uukope upya mkopo huo kila mwezi, na kila mara utoe 75 nyingine. Kwa miezi minne ada peke yake itafika 300. Mtu anayeendelea hivyo mwaka mzima atakuwa amelipa ada ya 900 kwa ajili ya kushika 925, na mwisho wa mwaka bado atadaiwa ile 1,000 ileile aliyoanza nayo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba usiulize riba ni asilimia ngapi kabla hujauliza maswali mawili mengine: nitaingiziwa kiasi gani hasa mkononi, na mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimetoa kiasi gani kwa jumla, pamoja na ada ya maombi, bima ya mkopo, na makato ya kutuma na kupokea fedha? Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo bei ya mkopo. Ukiilinganisha bei hiyo na muda utakaokaa na fedha, unaweza kumpima mkopeshaji yeyote, awe mkubwa au mdogo.

Huenda unajiuliza kwa nini fedha kidogo ziwe ghali hivyo. Mkopeshaji anayetoa 500 hufanya karibu kazi ileile anayoifanya yule anayetoa 50,000: lazima amchunguze mwombaji, aandike mkataba, afuatilie marejesho, na abebe hasara ya wale wasiolipa. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya 50,000 ni 500, nayo inafidia kazi hiyo. Juu ya 500 ni 5 tu, ambayo haifidii chochote. Basi asiyekufahamu atakutoza ada kubwa ili kufidia gharama ya kutokukufahamu. Kwa hiyo fedha kidogo za gharama nafuu utazipata, karibu kila mara, kwa mtu au kikundi ambacho kazi ya kukufahamu kimekwisha kuifanya miaka mingi kabla hujaomba.

Tukianzia hapo, mkopeshaji wako wa kwanza ni yule anayekudai. Shule inamjua mwanao na inajua kama umekuwa ukilipa. Nenda kabla ya tarehe ya mwisho kupita, si baada yake, na usiende na maelezo ya shida tu. Nenda na karatasi iliyoandikwa kiasi utakacholipa na tarehe utakazolipa, na uanze kwa kutoa angalau sehemu ndogo siku hiyohiyo. Msimamizi wa fedha ambaye kila siku anasikia "nitalipa Mungu akipenda" humsikiliza kwa namna nyingine mtu anayesema "nitaleta 100 tarehe 5 na 100 nyingine tarehe 20". Akikubali, umepata mkopo usio na riba.

Wa pili ni mwenye oda ya sare. Kazi ya kushona kwa oda kubwa ina desturi ya arubuni, yaani malipo ya awali, na sioni sababu ya kuona haya kuiomba, hasa ukieleza wazi kwamba sehemu ya fedha hiyo itakwenda kwenye mota itakayoshona sare zake. Mpe stakabadhi, na uandike juu yake tarehe ya kukabidhi kazi. Wa tatu ni muuza vipuri. Ikiwa umekuwa mteja wake kwa muda mrefu, mwombe mota kwa mali kauli, yaani uichukue leo na kuilipa kidogo kidogo. Lakini ulizia kwanza bei ya kulipa taslimu, kisha ulizia bei ya kulipa kwa awamu, kwa sababu wauzaji wengine huificha riba ndani ya bei. Inawezekana kabisa kwamba baada ya mazungumzo hayo matatu ile 1,000 itashuka na kuwa 300 au 400, na mkopo ulio nafuu kuliko yote ni ule ambao umepungua kabla hujaukopa.

Kwa kiasi kitakachobaki, ningekutazamisha kwenye upatu, ikiwa umo katika mmoja. Watu wengi huuona upatu kama njia ya kuweka akiba, na ni kweli kwa wale wanaopokea mwishoni, lakini kwa wanaopokea mwanzoni ule ni mkopo. Chukua mfano wa watu 10 wanaochanga 100 kila mwezi. Anayepokea mwezi wa kwanza anachukua 1,000 huku akiwa amechanga 100 tu. Amekopeshwa 900 na wenzake, na atazirudisha kwa miezi 9 bila riba hata senti moja. Anayepokea mwezi wa tano amekopeshwa 500. Kwa hiyo usisubiri zamu yako kimya kimya. Mwombe aliye mbele yako mbadilishane, na jambo hilo liandikwe kwenye daftari la kikundi mbele ya wote. Hatari ya upatu inajulikana, nayo ni mtu kupokea kisha akapotea, na ndiyo sababu vikundi vinavyodumu ni vidogo, vya watu wanaoonana kila wiki, na ambavyo mgeni hupewa zamu ya mwisho.

Kuna pia vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo wanachama hununua hisa kila mkutano, hukopeshana kutoka kwenye sanduku, na kugawana fedha zote pamoja na riba mwishoni mwa mzunguko, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja hivi. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, na umeenea katika nchi nyingi kwa sababu hauhitaji benki wala mtaji wa kutoka nje. Riba yake kwa mwezi inaweza kuonekana kubwa, lakini tofauti na riba ya mkopeshaji mwingine, hii hairudi kwa mgeni. Sehemu yake inakurudia wewe siku ya kugawana, kulingana na hisa zako.

Ushirika wa akiba na mikopo ni ndugu mkubwa wa vikundi hivyo. Historia yake inatuhusu sana sisi tunaotafuta fedha kidogo, kwa kuwa ulizaliwa kutokana na tatizo hilihili. Mwaka 1864, katika kijiji cha Heddesdorf nchini Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwaunganisha wakulima ambao benki hazikuwataka na ambao walikuwa wakinyonywa na wakopeshaji binafsi. Nguvu yao haikuwa mali. Ilikuwa ni kwamba kila mmoja alimjua mwenzake, alijua nani ni mchapakazi na nani hulipa, na wote walibeba dhamana kwa pamoja. Ushirika wa leo unafanya kazi kwa misingi ileile, na riba yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya mikopo ya simu kwa umbali mkubwa.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye ushirika. La kwanza ni kwamba kwa kawaida lazima uwe mwanachama na uweke akiba kwa miezi kadhaa kabla ya kukopa, kwa hiyo hautakufaa kwa shida ya wiki hii, ila ningekushauri ujiunge sasa kwa ajili ya shida ijayo. La pili ni akiba inayozuiliwa. Tuseme una akiba ya 300 na unakopeshwa mara tatu yake, yaani 900, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza unalipa riba ya 9. Lakini 300 kati ya hizo ni kama zako mwenyewe, kwa sababu huwezi kuzigusa mpaka umalize deni. Fedha za wenzako unazozitumia ni 600, na 9 juu ya 600 ni asilimia 1.5. Bado ni nafuu sana, ila ni vizuri ujue unacholipa.

Ndugu wa karibu nao wamo, na huenda wewe ulitegemea niwataje kwanza. Nimewachelewesha kwa makusudi. Mkopo wa ndugu hauna riba kwenye karatasi, lakini usipoandikwa huzaa maneno, na maneno hayo yana gharama ambayo hakuna jedwali linaloweza kuionyesha. Ukimwendea kaka au shangazi, mpelekee karatasi uliyokwisha kuiandika mwenyewe, yenye kiasi, tarehe za kurejesha, na sahihi yako, kabla hajaiomba. Wala usikope zaidi ya kile ambacho yeye anaweza kukaa bila kukiona kwa mwezi mmoja zaidi ya ulioahidi.

Rehani ni njia ya zamani ambayo haistahili dharau inayopewa. Mwaka 1462 watawa wa Kifransisko katika mji wa Perugia, Italia, walifungua nyumba ya rehani kwa ajili ya maskini, ili kuwaepusha na riba kubwa zilizokuwa zikitozwa wakati huo. Uzuri wa rehani ni kwamba kitu ulichokiweka ndicho kinachokudhamini: mkopeshaji hahitaji kukufahamu, na ukishindwa kulipa unapoteza kitu hicho, lakini kwa kawaida hufuatwi tena. Ubaya wake ni kwamba utapewa fedha chini ya thamani ya kitu chako. Usiweke rehani chombo kinachokuingizia kipato. Cherehani yako isiwekwe kamwe. Na kabla ya kukabidhi kitu, soma mkataba unasema nini kuhusu ziada, endapo kitauzwa kwa bei inayozidi deni.

Mkopo wa simu nauweka mwisho, lakini siuondoi kabisa. Kama una uhakika wa kupata fedha baada ya wiki mbili, kama utakopa mara moja na kulipa mara moja, na kama shida yenyewe itakugharimu zaidi ya 75 ukiiacha, basi ada hiyo inaweza kuwa na maana. Linganisha tu kwa uaminifu. Mtu mwenye bili ambayo faini yake ya kuchelewa ni 20, na ambaye hatakatiwa huduma kwa kuchelewa mwezi mmoja, hana sababu ya kukopa kwa 75 ili kuikwepa faini hiyo.

SWALI: Mshauri, nimepata wakopeshaji wawili wa 1,200 kwa miezi 12. Wa kwanza ananitoza asilimia 2 kwa mwezi, wa pili asilimia 3 kwa mwezi. Mume wangu anashangaa kwa nini bado nafikiria wakati jibu liko wazi. Mimi nasita kwa sababu mkataba wa wa kwanza unasema "riba juu ya mkopo wote wa mwanzo", na wa wa pili unasema "riba juu ya salio". Je, maneno hayo yana uzito wowote?

JIBU: Dada yangu, yana uzito kiasi cha kuligeuza jibu, na nakupongeza kwa kusita. Mkopeshaji wa kwanza, kama ulivyoninukulia mkataba wake, anakokotoa riba juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata pale ambapo umekwisha kurejesha sehemu kubwa. Asilimia 2 ya 1,200 ni 24, na mara 12 ni 288. Mwezi wa mwisho, ukiwa umebakiza 100 tu za deni, utatozwa 24 kana kwamba bado umeshika 1,200.

Wa pili anakokotoa juu ya kile unachodaiwa wakati huo. Ukirejesha 100 za mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza utalipa riba ya 36, wa pili 33, wa tatu 30, na hivyo hivyo mpaka mwezi wa mwisho utakapolipa 3. Jumla yake ni 234. Asilimia 3 imekuwa nafuu kuliko asilimia 2 kwa 54, na laiti huyo wa pili naye angetoza 2, ungelipa 156 tu.

Ipo faida nyingine ambayo watu huiona baadaye. Tuseme baada ya miezi sita umepata fedha na unataka kumaliza deni. Kwa mkopeshaji wa pili utakuwa umelipa riba ya 171, na kinachobaki ni 600 za mkopo wenyewe. Kwa wa kwanza, mikataba mingi ya aina yake hudai riba yote ya 288 hata ukimaliza mapema. Muulize kila mmoja, na majibu yawe kwa maandishi: nikimaliza mapema nitapunguziwa nini, na je, kuna faini ya kumaliza mapema? Uliza pia kama kuna ada ya kushughulikia maombi, kwa sababu mkopeshaji wa pili akikutoza ada ya 60 mwanzoni, wa kwanza atakuwa amemshinda kwa 6. Mwoneshe mumeo hesabu hii juu ya karatasi, mwezi kwa mwezi. Inaeleweka haraka zaidi kuliko maelezo yangu.

SWALI: Assalamu alaykum. Imani yangu hainiruhusu kutoa wala kupokea riba. Je, safu yako ina lolote la kunifaa mtu kama mimi ninapopungukiwa?

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mengi ya niliyomshauri fundi hapo juu hayana riba ndani yake: kulipa kwa awamu, arubuni ya mteja, karadha ya ndugu iliyoandikwa na kushuhudiwa, na upatu ambao kila mmoja hupokea sawasawa na alichochanga. Kama unachohitaji ni kitu na si fedha taslimu, taasisi zinazofuata sheria ya Kiislamu hukinunua kisha hukuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana tangu mwanzo, nawe hulipa kwa awamu. Bei hiyo ikishakubaliwa haipandi. Ilinganishe na bei ya taslimu kama mnunuzi yeyote, kwa kuwa mkataba kuwa halali hakumaanishi kwamba bei ni nafuu. Iwapo msikiti au jumuiya yako ina mfuko wa mikopo isiyo na riba, ulizia masharti yake wakati huna shida, ili siku ya shida usianze kutafuta fomu.

SWALI: Nimepata ujumbe kwamba ombi langu la mkopo wa 2,000 limekubaliwa, ila natakiwa kutuma kwanza 80 za "bima na usajili". Nilikuwa sijaomba mkopo huo, lakini kweli nina shida. Nitume?

JIBU: Usitume. Mkopeshaji halali anayetoza ada huikata kwenye mkopo wenyewe au huijumlisha kwenye marejesho. Hahitaji utoe kutoka mfukoni kwako kabla hajakupa kitu. Ukituma 80, utaombwa nyingine za kodi, kisha nyingine za kufungua akaunti, na 2,000 hutaziona. Usiwatumie pia picha ya kitambulisho wala namba ya siri. Kama umekwisha kutuma chochote, wajulishe leo kampuni ya simu na polisi, kwa sababu kadiri saa zinavyopita ndivyo fedha zinavyozidi kuhamishwa. Na kabla ya kuomba mkopo popote siku za usoni, hakikisha kwamba jina la mkopeshaji limo katika orodha ya wenye leseni inayotunzwa na benki kuu au mamlaka inayosimamia wakopeshaji katika nchi yako.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mlinzi na nalipwa mshahara kila mwezi. Nina mikopo mitatu ya simu: 400, 300 na 300. Kila mwezi nakopa hapa kulipa pale. Ada yao wote ni asilimia 7.5. Nikijibana sana naweza kutenga 120 kwa mwezi. Wameanza kuwapigia simu watu waliomo kwenye simu yangu, akiwemo mkuu wangu wa kazi. Silali. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nataka kwanza ujue kwamba hesabu yako ina njia ya kutokea, ingawa kwa mwendo wa sasa haionekani.

Unadaiwa 1,000, na ada yake kwa mwezi ni 75. Kati ya 120 unazozitenga kwa jasho, 75 zinaliwa na ada, na deni linapungua kwa 45 tu, kama linapungua. Sasa tazama mkopo mmoja wa 1,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio, kwa miezi 10. Mwezi wa kwanza utalipa 120, yaani 100 za mkopo na 20 za riba. Kiasi hicho kitashuka kila mwezi mpaka 102 mwezi wa mwisho. Riba ya miezi yote 10 ni 110. Unachokitoa sasa kama ada kwa mwezi mmoja na nusu kingetosha kulipia mkopo mzima wa namna hiyo. Kwa kawaida mimi sishauri mtu akope ili alipe deni, lakini naruhusu pale ambapo gharama yote ya mkopo mpya ni ndogo kuliko ya zamani, madeni ya zamani yanafungwa kabisa siku hiyohiyo, na mkopaji haongezi hata kidogo juu yake "kwa vile nafasi ipo".

Wa kuombwa mkopo huo ni mwajiri wako au ushirika wa wafanyakazi, kama upo kazini kwenu. Najua ni vigumu kumkabili mkuu ambaye amekwisha kupigiwa simu ya aibu, lakini fikiria kwamba jambo unaloogopa alijue, tayari analijua. Mwendee wewe mwenyewe, na umweleze kiasi kamili. Waajiri wengi wanaweza kutoa sehemu ya mshahara mapema bila riba. Omba makato yagawanywe kwa miezi kadhaa, wala usikubali yakatwe yote mwezi ujao, kwa sababu mshahara ukija mtupu utarudi kwenye simu kabla ya wiki kuisha.

Wakati ukisubiri jibu, waandikie wakopeshaji wote watatu. Waambie hutakopa upya, eleza kiasi unachoweza kulipa kila mwezi, na omba ada isimamishwe. Baadhi watakataa, lakini mkopeshaji anayeona marejesho yanakuja ana sababu ya kukusikiliza. Fedha ya kwanza utakayoipata ilipe moja ya zile 300 uimalize, usiigawe vipande vitatu, kwa sababu ada zao zinalingana na deni likifungwa moja unapungukiwa na mtu mmoja anayekupigia.

Kuhusu simu kwa watu wako, jambo hilo linaniuma, na katika nchi nyingi sheria za ulinzi wa taarifa binafsi haziruhusu mkopeshaji kutumia orodha yako ya majina kumwaibisha mdaiwa. Hifadhi ujumbe wote, andika tarehe na saa za simu, na uwasilishe malalamiko kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji. Usidhani kwamba kila gharama kubwa imekatazwa, hata hivyo. Uingereza, ambayo iliweka ukomo wa gharama za mikopo ya namna hii mwaka 2015, bado inaruhusu hadi asilimia 0.8 kwa siku, yaani 240 kwa kila 1,000 ndani ya siku 30, ingawa gharama zote haziruhusiwi kuzidi kiasi kilichokopwa. Sheria itakulinda dhidi ya matusi na vitisho. Dhidi ya bei inakubidi ujilinde mwenyewe.

Siku utakapolipa kila deni, omba uthibitisho wa maandishi kwamba limefungwa na salio ni sifuri. Kisha fungua mipangilio ya simu, iondolee programu hiyo ruhusa ya kuona majina na ujumbe wako, ndipo uifute. Baada ya mwezi mmoja au miwili, omba taarifa yako kwenye taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, uhakikishe kwamba madeni yote matatu yanasomeka kuwa yamelipwa. Kama mojawapo bado linasomeka kuwa lipo, peleka ule uthibitisho na udai lirekebishwe.